Mbuzi ya Kufungulia Njia

Mbuzi ile haikutembea hata siku moja katika lupango, ule uwanja wa nyumba ya mama Jokébed. Ilifika kutoka Beni juu ya moto, ile pikipiki ya kubeba watu, miguu imefungwa pamoja, kichwa kinaangalia nyuma kama mutu aliyesahau kitu nyumbani. Taximan akaiteremusha, shangazi wa kijana aliyeileta, Anne-Marie, akaipangusa vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe, na baba mudogo wa binti, Zorobabel, akaifunga kwenye nguzo ya jikoni kwa kamba fupi. Tangu siku ile ilikula pale na kulala pale. Katika jamaa zile mbili, mbuzi ya kwanza ya uchumba haiendi kula majani ya barabara. Inakaa pahali majirani wa Mususa, mutaa wao wa Butembo, wanaweza kuiona, kusudi kila mutu ajue ya kama binti wa nyumba hii ameombwa na kwao wamekubali.

Bénite, binti mwenyewe, ndiye alikuwa anaikatia majani kila asubuhi. Na kila asubuhi alikuwa anaiambia neno lile lile:

"Tembea basi kidogo, nione."

Mbuzi inamuangalia tu na kutafuna. Siku moja hata ilimukulia karatasi zake za kuchora, karatasi zenye mbuzi ndani yake, na mama Jokébed alicheka mpaka akakaa chini.

"Imekula ndugu zake!"

Lakini Bénite hakuwa na nafasi ya kucheka. Tangu alipojifunza makina ya kompyuta katika studio ya picha ya Kasonia, pale chini kwa barabara, hakuna kitu alichopenda zaidi ya kufanya picha zitembee. Alikuwa amefanya filme fupi kwa watoto wa masomo ya Siku ya Mungu, ile ya kuku anayechelewa ibada kila mara kwa sababu ya kujitazama ndani ya kioo. Yeye alichora, na Élysée, kijana wa mbuzi ile, akatia sauti: mabawa, kengele, mvua juu ya mabati, na kuku mwenyewe. Ni ndani ya studio ile walijuana. Élysée alikuwa amekuja kutoka Mavivi, kando ya Beni, kutengeneza simu yake, akasikia binti mumoja anasema peke yake, "Hapana, mutu hatembei vile," akageuka kutazama nani ananena na makina. Hakurudi Beni siku ile mpaka moto ya mwisho.

Sasa shule moja ya Kampala, shule yenye kufundisha kazi ile ya filme za picha, ilikuwa imemuomba filme fupi ya kumupima. Bénite alituma mutu anayevuta mbuzi kwa kamba. Jibu lilikuja kwa simu. Mutu anatembea vizuri sana, walisema, kama mutu tunayemujua. Lakini mbuzi inateleza kama meza inayosukumwa. Tengeneza miguu ya mbuzi, utume tena katika juma hii, na kiti chako kipo.

Kama mutu yule alitembea vizuri, ni kwa sababu Bénite alikuwa amemuchora Élysée. Hakumutia uso. Alimutia mabega yale, na ule muguu wa kushoto unaogeukia inje kidogo tangu siku alipoanguka na moto karibu na uwanja wa ndege.

Na mbuzi ya kweli, ile ya kwenye nguzo, ilikuwa wazo la Élysée vilevile.

"Baba mudogo yako anasema binti mwenye hana neno ya uchumba hawezi kuvuka mupaka peke yake," alikuwa amemwambia wakati wa jua kali. "Basi tumupatie neno. Mbuzi ikikuwa kwenu, weye ni mutu wa mutu. Unaenda Kampala, miye nakufuata, unachora, natia sauti. Ile mbuzi itatufungulia njia."

Bénite alimuamini. Nani hangemuamini? Alikuwa na macho yale yanayocheka mbele ya kinywa.

*

Siku ya Mungu ile mvua ilianza ibada ilipokwisha, na haikuacha. Élysée alifika na shangazi yake wakiwa wamefunikwa bâche moja ya plastiki. Bénite aliwaona kupitia dirisha. Kwa kawaida Élysée akishuka, macho yake yanatafuta jikoni mbele hata ya kusalimia wakubwa. Siku ile aliitazama mbuzi. Aliitazama muda murefu, maji yanamutiririka shingoni, halafu akaingia nyumbani akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, kuko kitu," Bénite alisema.

Mama Jokébed alikuwa anageuza bugali. Tangu Mungu alipomuchukua bwana wake, alikuwa amezoea kuona mambo mbele hayajaingia mulangoni.

"Nimeona," alisema. "Peleka maji ya kunawa. Na hapana kuwaonyesha uso ule."

Wakala. Baba mudogo Zorobabel aliombea chakula mara mbili, mwanzo na mwisho, kwa sababu aliona shangazi wa Beni ana haraka na yeye hakupenda haraka katika mambo ya ndoa. Shangazi Anne-Marie akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Bon. Chakula ilikuwa muzuri. Wasingya, aksanti. Sasa neno yenye ilituleta. Kule kwetu tulikaa, tukaongea. Muke wetu atasoma. Siye hatukatale masomo. Siye si batu ba zamani."

"Muzuri kabisa," Zorobabel alisema.

"Atasoma Beni. Informatique. Akimaliza anapata bureau, anaketi ku kiti, mvua haimunyeshee. Jioni anarudia ku nyumba yake, anapikia batoto. Donc iko vile."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Bénite alimutazama Élysée. Élysée alikuwa anatazama kikombe chake, kama vile chai ingeweza kujibu pahali pake.

"Shangazi," Bénite alisema polepole, "na heshima yote. Ile informatique ya Beni iko muzuri kwa mutu mwenye anatafuta bureau. Banafundisha kupanga majina ya bateja mu makina, kuunganisha makina moja na ingine, kutengeneza imprimante ya kuchapa karatasi. Sikatale. Mais miye nataka banifundishe namna mutu anatembea. Namna uso unageuka mbele machozi haijatoka. Ile banafundisha Kampala."

"Kutembea?" Shangazi aligeukia Zorobabel. "Umesikia? Mutoto anaenda Uganda kujifunza kutembea! Hapa Butembo munatembeaka na magoti?"

Zorobabel akacheka, kisha akakohoa kuficha kicheko.

"Shangazi, mu filme hakuna kitu inatembea yenyewe. Mutu akivuka tu hii nyumba, ni picha nyingi, na kila picha lazima mukono wako uichore. Ukikosea moja, mutu anachechemea."

"Na hizo picha zinakulisha?"

"Kuko batu banatafuta filme za kufundisha batoto kusoma. Hopitali zinatafuta za kuonyesha bamama namna ya kutunza mutoto. Banalipa, shangazi. Ni kazi kama kazi ingine."

"Kama kazi ingine, basi chukua kazi ingine." Shangazi hakusema vile kwa ubaya. Alikuwa mwanamuke aliyezika watu wengi, na kila kitu cha mbali kilimwogopesha. "Unajua njia ya kwetu inakulaka batoto. Kaka yake Élysée alienda njia ya Kamango, hatujamuona tena. Tumebakia na huyu tu. Na muke yake akae mbali, mupaka miaka iishe? Hapana, binti yangu. Hapana."

Zorobabel alijikuna ndevu.

"Mais Anne-Marie, wakati mbuzi ilikuja, kijana alisema mwenyewe atamuacha aende."

"Élysée alisema. Ile mbuzi ni ya Élysée? Ni ya baba yake. Mukikubali mbuzi yetu, neno ya masomo ya binti inatoka kwenu inakuja kwetu. Ni ya kweli ao ni bongo?"

Zorobabel hakupenda kujibu. Lakini alikuwa mutu wa kweli.

"Ni ya kweli," alisema. "Hata kwetu iko vile."

Pale ndipo Bénite alielewa. Mbele mbuzi haijafika, neno lake lilikuwa mukononi mwa mama yake na baba mudogo, watu waliomuzaa na kumulea, watu ambao machozi yake yangeweza kuwageuza siku moja. Élysée alichukua neno lile, akalifunga kwenye kamba, akalipeleka Mavivi. Jambo lile hakulijua. Hakuna kijana anayeuliza wazee mambo yale mbele ya kuleta mbuzi. Anauliza tu mbuzi iwe ya rangi gani.

"Na nikikatala?" aliuliza.

"Mutarudisha mbuzi, katika juma hii," shangazi alijibu. "Na Mususa yote itajua ya kama binti ya Jokébed aliona Kampala iko muzuri kupita bwana."

"Haitarudishwa," Zorobabel alisema kwa haraka. "Mu nyumba ya kaka yangu hakuna mbuzi inarudishwa. Jina yake iko ku kaburi, sitaichafua."

Mama Jokébed alimutazama Élysée, akamutazama binti yake. Akasimama, akaanza kuokota sahani.

*

Élysée alimukuta Bénite jikoni. Alisema amekuja kuota moto, na kwa kweli nguo zake zilikuwa zinatoa moshi. Inje ya mulango mbuzi ilikuwa inatafuna.

"Ulijua banakatala Kampala," Bénite alisema. Hakugeuka.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu baba alianza kulala mchana. Hatoke tena kwenda ku shamba. Anageuka ku ukuta tu. Njo shangazi alianza kusema yeye pahali pake."

"Na ukaninyamazia."

"Nilifikiri nitabashinda, Bénite. Kila jioni niko naongea. Mama analia, baba hajibu, na shangazi anasema muke mwenye anasoma Kampala anarudi na bwana ya Kampala, na anaongea kizungu hata na mbwa."

Kicheko kilitaka kumutoka Bénite, na ndicho kilichomuumiza. Mutu huyu angeweza kumuchekesha hata ndani ya shimo.

"Na pale nyumbani? Nilikuangalia, Élysée. Nilikuangalia kama vile mutoto anatafuta mama yake ku soko. Hukuinua hata jicho."

"Ningesema nini? Nimutukane shangazi yangu mu nyumba ya bakwe? Unajua haiwezekane."

"Basi tuende. Siye wote wawili. Njo mupango ilikuwa: miye picha, weye sauti. Mama mudogo Kyakimwa anauza vitenge kule, atatupokea, weye ulale kwa rafiki zako mpaka ndoa."

Élysée alikuwa amegeuza sikio kidogo kuelekea mabati, kama alivyozoea.

"Sikia," alisema mwisho. "Hata sasa, masikio yangu iko naandika hii mvua. Nitaitia mu filme gani?" Akanyoosha viganja juu ya makaa. "Kakao ya baba inaiva, Bénite. Tangu kaka hakurudi, baba hana mukono ingine ila yangu. Nikienda, wale wazee watakufa na kiu wakati maji iko mu nyumba."

Bénite alijua. Tangu mwanzo alijua, lakini kuna mambo mutu anayajua bila kuyatazama.

"Donc unabaki."

"Nabaki."

"Na miye?"

Élysée akasogea. Hakumugusa. Alitoa tu jani moja lililokuwa limeshikwa katika nywele zake, jani la mbuzi, akalikunja kwenye kiganja.

"Njo nakuomba. Baki na miye. Utasoma Beni, jioni utachora. Nitakutafutia makina yako mwenyewe. Hakuna mutu atakuuliza kwa nini unachora."

Bénite akafumba macho, na akaiona. Aliona nyumba ya Mavivi, kakao imetandazwa juu ya bâche, ndege inapita chini chini mpaka vikombe vinatetemeka, na jioni muguu ule wa kushoto unaingia mulangoni. Aliitaka. Mungu ni shahidi, aliitaka mpaka kifua kikauma. Kisha aliona vilevile ile jioni ya kuchora, namna inavyosogea: kesho, kisha mutoto apone kwanza, kisha mavuno yaishe, kisha mukono umesahau.

"Hapana kufikiri sitaki," alisema. "Nataka mpaka inauma. Mais nikibaki, siku moja nitakuangalia ku meza na nitakuchukia. Weye utakuwa unakula maharagi yako tu. Hautajua hata kosa yako ni gani."

Élysée akapokea maneno yale kama mutu anayepokea muzigo mugongoni: aliinama kidogo, kisha akasimama sawa.

"Basi mbuzi irudi."

"Baba mudogo hatakubali. Umemusikia."

"Kwenu, hapana. Mais mwenye kuileta anaweza kuja kuifungua."

"Élysée!"

Alimushika mukono, mara ya kwanza siku ile. Wote wawili walikuwa wamesikia desturi ile tangu utoto. Mwanaume akija mwenyewe kuifungua mbuzi yake, neno linakwisha, hakuna nyumba inayotukana ingine, na binti anarudi mukononi mwa wazazi wake, wale ambao machozi yanaweza kuwageuza. Lakini mukono uliofungua hauwezi kufunga tena katika lupango ile. Si kesho, si masomo yakiisha, si uzeeni.

"Ungoje," Bénite alisema. "Nitasoma haraka. Nitarudi. Ungoje tu."

"Nikingoja, mbuzi inabaki. Mbuzi ikibaki, hauendi." Alisema kwa upole, kama anamufundisha mutoto hesabu. "Na shangazi ameshakupa juma hii tu. Sawa na Kampala."

"Mais hautaniona tena."

"Nitakuona ku filme."

Bénite akamupiga kifuani kwa ngumi, si kwa nguvu. Ngumi ikabaki pale pale.

"Élysée, mwanangu." Mama Jokébed alikuwa amesimama mulangoni, na sahani zake mukononi. Sahani zilikuwa zimekwisha kukauka. "Shangazi yako anakuita. Mvua imepunguka."

*

Shangazi Anne-Marie alirudi Beni jioni ile. Élysée alisema ana rafiki wa kuona mujini, atamufuata.

Mama na binti walisafisha vyungu bila kuongea. Mama Jokébed ndiye alianza, na macho yake kwenye majivu.

"Miye sikutaka uende. Nikuambie tu ya kweli. Kila asubuhi ninamuomba Bwana afunge ile njia. Niliposikia Anne-Marie leo, nikasema ndani yangu, Bwana amejibu."

"Mama…"

"Ngoja. Miye masomo yangu ilifikia primaire. Sijue kama kuchora ni kazi. Mais ile siku ulinionyesha mutu na mbuzi yake, nilijua ni Élysée. Haukunisemea. Hana macho, hana kinywa, na nilimujua kwa mugongo." Akakwangua chungu pahali palipokuwa safi. "Baba yako, niko na picha yake. Amesimama, amefunga kravate. Muzuri. Mais namna alikuwa anatembea, Bénite… naanza kusahau. Naweka macho hivi, namutafuta ku barabara, haji. Kama kungekuwa mutu wa kumuchora vile."

Bénite akaweka kichwa kwenye bega la mama yake. Lilikuwa linanuka moshi na sabuni.

"Sijue tena nimuombe Bwana kitu gani," mama alisema. "Nitanyamaza tu mbele yake. Yeye anaona."

*

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Élysée alikuja kwa miguu. Alikuwa amevaa shati nyeupe, ile aliyovaa siku ya kuleta mbuzi, na Bénite alipoiona alijua.

Kavuo, jirani wa mulango wa mbele, alikuwa anapita na bidon yake ya maji.

"Eh, bwana harusi! Asubuhi hii? Umeota ndoto ya muke?"

Élysée akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, akapiga goti katika matope, akaweka mukono juu ya kamba. Bidon ya Kavuo ikashuka chini. Wengine wakatoka: mama mwenye kuuza makala ya kupikia, mushonaji na metre yake shingoni. Hakuna aliyecheka tena.

Zorobabel alikuja akifunga vifungo vya koti.

"Kijana. Unajua unafanya nini?"

"Najua, baba mudogo."

"Ile mukono—"

"Najua." Akageuza uso kwa majirani, akainua sauti. "Bote musikie. Bénite hana kosa. Sikumukuta na kosa hata moja. Mutu akisema ingine, ni bongo. Ni miye njo nimeshindwa."

Zorobabel akavua kofia yake.

Fundo lilikuwa limekazwa na mvua ya jana. Élysée alivuta, vidole vikateleza, akavuta tena. Kisha mama Jokébed akatoka jikoni. Akapiga goti karibu naye katika yale matope, na kitenge chake cha kanisa, akaingiza kucha zake ndani ya fundo, akalilegeza polepole mpaka ikabaki pete moja tu. Pale akaondoa mikono.

"Ya mwisho ni yako," alisema.

Élysée akaivuta. Kamba ikaanguka.

"Bwana akulinde ku njia, mwanangu."

"Wasingya, mama."

Taximan mumoja alisimama, akauliza kama wanapakia. Élysée akatikisa kichwa. Mbuzi iliyofunguliwa inatoka kwa miguu yake, mbele ya macho ya watu, kusudi kesho mutu asiseme iliibiwa. Akaishika kamba na kupita karibu na Bénite, aliyekuwa ameegemea ukuta. Élysée akasimama mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini ndani yake kile kicheko kidogo kilikuwa kingali hai, kinatafuta pahali pa kukaa.

"Sasa itatembea," alisema chini chini. "Angalia miguu yake. Hapana kuniangalia miye."

Akaenda.

Mwanzo mbuzi ilikataa, imekaza shingo, haikumbuki njia ni kitu gani. Kisha ikaacha kukataa. Bénite alitaka kutazama mugongo ule, mabega yale, ule muguu wa kushoto. Alitaka kuyashika kwa macho mpaka mwisho wa barabara. Lakini Élysée alikuwa amemupa kitu, na hakutakuwa na kingine tena. Akashusha macho. Muguu wa nyuma wa kushoto. Kisha wa mbele, wa kushoto vilevile, unaondoka sawa na wakati wa nyuma unataka kukanyaga pahali pake. Kisha nyuma wa kulia. Mbele wa kulia. Na kichwa kinashuka kidogo kila mara bega linapopokea uzito. Machozi yalikuja, akayafuta haraka kwa mukono wote, kwa sababu yalikuwa yanamufichia miguu.

Nyuma, mbele. Nyuma, mbele. Ukungu ukafunika mbuzi, kisha kamba, kisha shati nyeupe.

Kavuo akainua bidon yake, akaenda. Mama Jokébed alikuwa angali amepiga goti karibu na nguzo, na ingeweza kuwa anaokota majani, na ingeweza kuwa anaomba.

Bénite aliingia nyumbani. Courant ya umeme ilikuwapo. Akafungua makina, akafuta miguu ya mbuzi yote, akaanza upya filme ya Kampala: nyuma, mbele, nyuma, mbele. Alichora mpaka chai ya asubuhi ikapoa, mpaka ya mchana ikapoa vilevile. Mbuzi ikatembea.

Mutu anayeivuta hakumugusa. Yeye, tangu mwanzo, alikuwa anaenda vizuri.